Hataza Yako Inaishia Vurra

Barabara ya lami ya kilomita 92 inaanzia Vurra, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, inapita Arua mjini, inafika Koboko na kukomea Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Katika barabara hiyo moja muhogo, sabuni, asali, mbao na vitenge huvuka mipaka miwili, na wauzaji huelewana kwa Kilugbara, Kiswahili na Lingala bila kumhitaji mkalimani. Haki ya mvumbuzi ndiyo isiyovuka. Hataza iliyotolewa Uganda ina nguvu mpaka kwenye kizuizi cha forodha cha Vurra. Ukishaingia upande wa Kongo, hati hiyo haimzuii mtu yeyote kufanya lolote.

Kongo si mwanachama wa ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika lenye makao yake Harare. Wala haimo katika Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao wengi huuita kwa kifupi PCT, unaoziwezesha nchi nyingi kupokea ombi moja. Ina sheria yake ya Januari 1982, na anayetaka hataza huko lazima aombe huko. Sudan Kusini nayo haimo ARIPO. Kwa hiyo kijana wa Vurra anayetengeneza kitu kipya anaishi mahali ambapo soko lake lina nchi tatu, na hati yake ina nchi moja.

Nimeanza na mpaka kwa sababu ushauri wanaopewa siku hizi vijana wa West Nile, kanda hii ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, haugusi mpaka kabisa. Vijana hao wanaingia katika kile kinachoitwa kemia ya kijani: kutengeneza sabuni, gundi, viuatilifu, vifungashio na rangi kwa njia isiyotumia sumu, isiyomaliza kuni, isiyoacha taka zisizooza. Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliiwekea fani hiyo kanuni 12 katika kitabu chao cha mwaka 1998, na ya kwanza ni kuzuia taka zisitokee badala ya kuhangaika kuzisafisha baadaye. West Nile ina malighafi tele kwa kazi hiyo: muhogo, shea, nta ya nyuki, ufuta, mwarobaini. Ina pia sababu. Moto wa kukaushia tumbaku ulikula miti ya eneo hili kwa miongo mingi, na leo kuni zinagombewa na wenyeji pamoja na wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi. Kijana akifika kwenye semina na wazo lake, huambiwa jambo moja: kaandikishe hataza. Ushauri huo ni nusu, na ukifuatwa peke yake unaweza kumfilisi.

Hataza ni haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wako, katika nchi iliyoitoa, kwa miaka 20 tangu siku ya ombi. Bei yake ni mbili. Moja ni ada, hasa ada za kila mwaka ambazo usipozilipa haki inakufa. Ya pili ndiyo nzito zaidi: lazima ueleze uvumbuzi wako kikamilifu, kiasi kwamba mtaalamu mwenzako akisoma aweze kuurudia, na baada ya miezi 18 hivi maelezo hayo huchapishwa dunia nzima isome. Sasa fikiria maana yake kwa Vurra. Umeeleza hatua zote za kutengeneza bidhaa yako. Uganda imekupa haki. Mfanyabiashara wa Aru, upande wa pili, anayasoma maelezo yako kwenye simu, anaanzisha kiwanda chake, na hakuna mahakama ya kumshtaki. Umemfundisha kazi kwa gharama yako.

Je, basi hataza iachwe? Hapana. Inapaswa kuchukuliwa kwa hesabu ya soko, na hesabu hiyo inaonekana vizuri tukiwa na mfano mkononi.

Tuseme wahitimu watatu wa pale Vurra wanataka kutengeneza mifuko ya wanga wa muhogo ili kuchukua nafasi ya kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Soko lipo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Uganda imetangaza makatazo yake zaidi ya mara moja, na kila mtu anayepita sokoni anajua yalivyoishia. Kwa hiyo wateja wa maana wa mfuko huu, wale wanaolazimishwa na sheria kuutafuta, wako Nairobi, Kigali na Dar es Salaam kuliko Arua. Hilo peke yake limeshaeleza hataza inapaswa kuombwa wapi. Kenya, Rwanda na Tanzania zote zimo katika Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, ambayo chini yake ombi moja kwa ARIPO hutaja nchi unazozitaka. Usizitaje zote kwa fahari, maana kila nchi uliyoitaja utailipia kila mwaka. Taja zile ambazo una mnunuzi au mshindani ndani yake.

Lakini kabla ya ada kuna swali la upya. Mfuko wa muhogo si jambo geni. Kampuni ya Avani ya Bali, Indonesia, imekuwa ikiuza mifuko ya namna hiyo kwa miaka. Kulainisha wanga kwa gliserini ili usivunjike kama kaukau kumeandikwa katika hati zisizohesabika. Wahitimu wetu wakiandika ombi linalodai "mfuko wa wanga wa muhogo wenye gliserini", litakataliwa, na watakuwa wametupa fedha. Sasa waangalie tatizo lao halisi ni lipi. Wanga hunywa maji. Mfuko ulio imara Januari unalegea mvua za Agosti zikifika. Maganda ya muhogo nayo yana sianidi, ambayo lazima iondolewe bila kumwaga maji ya sumu kwenye kijito. Kama wamegundua kwamba gliserini inayobaki katika kutengeneza sabuni ya shea, ikichanganywa na nta ya nyuki kwa uwiano fulani na katika joto fulani, inaufanya mfuko ustahimili unyevu mara nyingi zaidi ya ilivyotarajiwa, hapo kuna kitu. Ni kidogo, na ni chao.

Katika kemia, neno "fulani" ndilo linalobeba hataza nzima. Ukidai joto la nyuzi 70 tu, jirani atatumia 76 na kukukwepa. Ukidai kuanzia 20 hadi 200 bila kuwa umejaribu, mkaguzi atasema huna ushahidi, au atakutajia hati ya zamani inayoangukia humo ndani. Dai zuri lina upana unaolindwa na majaribio: mlijaribu chini, katikati na juu, mkaonyesha wapi panafaa na wapi panaharibika, na mkalinganisha na mfuko wa kawaida usio na siri yenu. Majaribio yaliyoshindwa yana thamani kubwa hapa, kwa sababu yanamwonyesha mkaguzi kwamba jambo hili halikuwa dhahiri kwa mtu yeyote mwenye ujuzi. Kampuni changa nyingi hutupa matokeo hayo kana kwamba ni aibu.

Na majaribio hayana maana bila daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na Vurra ina ushahidi wake wa jambo hilo, wa kujivunia. Katika hospitali ya Kuluva, daktari Ted Williams alitunza kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miaka: nani, kijiji gani, mwezi gani uvimbe ulionekana. Kwa kumbukumbu hizo yeye pamoja na Malcolm Pike na Dennis Wright walichapisha mwaka 1967, katika jarida la madaktari wa Uingereza, uchunguzi ulioonyesha kwamba saratani iitwayo uvimbe wa Burkitt katika West Nile ulijitokeza kwa makundi ya mahali na wakati, dalili kwamba maambukizi yalihusika. Wanasayansi wa saratani duniani walilazimika kuzingatia tarehe zilizoandikwa kwa mkono katika hospitali ya kijijini. Kama tarehe na jina la kijiji viliweza kubeba hoja nzito kiasi hicho, daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, lililotiwa tarehe na saini kila jioni, linaweza kubeba hataza ya mfuko wa muhogo. Gharama yake ni ya daftari la shule.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hausemwi vya kutosha, nao ndio ulio na faida ya haraka kabisa. Kama hati yako inaishia Vurra ikitoka, basi hati za wengine nazo zinaishia mipakani mwao zikija. Hataza za kemia zilizotolewa Marekani, Ujerumani, Japani na China ni nyingi ajabu, na sehemu kubwa yao haikuombwa kamwe Uganda wala kupitia ARIPO kwa kuitaja Uganda. Mwenye nayo alikuwa na miezi 12 ya kupeleka ombi lake nchi nyingine, au miezi 30 hivi kama alipitia PCT. Muda huo ukiisha, mlango umefungwa kwake. Maelezo yake yote, joto, vichocheo, viyeyushi, vipimo, yako wazi bure katika hifadhi za Espacenet na Patentscope, na kijana wa Arua anaruhusiwa kisheria kuyatumia nyumbani. Sharti ni moja: asipeleke bidhaa hiyo katika nchi ambamo hataza bado iko hai. Kabla haijaanza kubuni, kampuni changa ya kemia ingetumia wiki kadhaa kusoma hati hizo. Wengi wangegundua kwamba tatizo lao limeshatatuliwa na mtu wa Osaka ambaye hana haki yoyote West Nile, na kwamba wanachohitaji ni kulirekebisha suluhisho lake lifae kwa muhogo wetu na umeme wetu unaokatika. Huo si wizi. Ndiyo mapatano ambayo mfumo wa hataza ulijengwa juu yake: mvumbuzi anafundisha, na jamii inampa haki pale tu alipoiomba.

Uganda, kama nchi iliyo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni kabisa, ina nafasi zaidi ya hiyo. Shirika la Biashara Duniani limezipa nchi hizo muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuutekeleza mkataba wake wa miliki bunifu kwa ukamilifu. Uganda ilichagua kutunga sheria mapema, Sheria ya Miliki ya Viwanda ya mwaka 2014, na sina ugomvi na uamuzi huo. Ninachokataa ni kuwafundisha vijana nusu ya sheria inayowabana na kuwaficha nusu inayowafungulia.

Yapo pia maumivu ya kweli katika historia hii, na siwezi kuyapita. Mwaka 1992 mwanasayansi wa vijidudu William Grant, wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alichukua sampuli katika maziwa ya magadi ya Kenya, Bogoria likiwemo. Ndani ya maji yale makali huishi bakteria ambao vimeng'enya vyao havidhuriki na magadi. Kampuni ya Genencor ya Marekani ilitenga humo vimeng'enya vinavyokula nyuzi za pamba, ikavichukulia hataza, na vikaenda kwenye viwanda vya kulainisha suruali za jinzi, ambavyo awali vilisaga nguo kwa mawe, na kwenye sabuni za kufulia. Hiyo ni kemia ya kijani ya daraja la juu kabisa, na asili yake ni maziwa ya magadi ya Kenya. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai fungu la mapato. Mwaka 2007 shirika hilohilo lilifikia makubaliano na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, kuhusu vimeng'enya kutoka Kenya, kikiwemo Pulpzyme, ambacho hupunguza klorini inayohitajika kupausha massa ya karatasi.

Watu huisimulia habari ya Bogoria kama kisa cha kuibiwa, na hasira hiyo naielewa. West Nile nayo ina virusi vyenye jina lake, vilivyopatikana mwaka 1937 katika damu ya mwanamke wa Omogo, na jina hilo limebaki katika maabara za dunia kuliko mahali penyewe. Lakini ukiusoma mwenendo wa Bogoria kwa utulivu, unaona wapi Kenya ilipoteza. Hataza haitolewi kwa ziwa wala kwa bakteria kama alivyo. Hutolewa kwa aliyekitenga kimeng'enya, akakipima, akaonyesha kinafanya nini na akaandika madai. Kenya haikuwa na watu wake katika hatua hizo, na wakati maji yanachotwa haikuwa na mkataba ulioeleza nani atapata nini kitu kikipatikana. Miaka 12 baadaye ilikuwa inabisha hodi katika nyumba ambayo funguo zake zilikuwa zimeshagawiwa.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inataka ridhaa na mapatano ya kugawana manufaa kabla sampuli haijatoka. Uganda ni mwanachama, na ilikuwa na kanuni zake za mwaka 2005, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mei 2024, mjini Geneva, nchi zilipitisha mkataba mpya unaomtaka mwombaji wa hataza aeleze rasilimali ya viumbe aliyoitumia imetoka wapi. Kampuni changa za Arua zisidhani sheria hizi ni za wageni tu. Ukitumia shea au kijidudu cha udongo wa wilaya ya Terego bila kibali na bila mapatano na watu wa pale, mwekezaji wa kwanza mwenye mwanasheria atakuuliza karatasi hizo, na usipokuwa nazo atafunga mkoba wake.

Mwarobaini nao ulipita katika moto huohuo. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza ya njia ya kuzuia ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wahindi na marafiki zao wa Ulaya waliipinga, akiwemo Vandana Shiva. Mwaka 2000 ilifutwa, na Machi 2005 rufaa ya wenye nayo ikatupwa. Waliopinga walishinda kwa sababu waliweza kuthibitisha kwamba kazi ileile ilishafanyika India hapo kabla. Meneja wa kiwanda alikuja na ushahidi wa majaribio yake. Wakulima wetu wanaoloweka majani ya mwarobaini na kunyunyizia mboga wanafanya jambo lenye uzito huohuo, lakini limeandikwa wapi? Kama Chuo Kikuu cha Muni au wizara ya kilimo ingeandika na kuchapisha, kwa tarehe, jinsi wakulima wa Vurra wanavyolinda mahindi na maharagwe yao, hakuna mtu popote ambaye angeweza kuyadai hayo kuwa uvumbuzi wake. Kuchapisha ni ulinzi, na ni ulinzi wa bei nafuu kuliko wote. Ila ujue unawafungia mlango hata watoto wako: kilichochapishwa hakiwezi tena kuwa hataza ya mtu yeyote, wa hapa au wa kule. Ndiyo maana uamuzi wa nini kichapishwe na nini kifichwe ufanywe mapema, na kwa makusudi.

Nikirudi kwa wahitimu wetu watatu, mengi ya thamani waliyo nayo hayafai hataza hata kidogo. Maganda yanalowekwa saa ngapi, nta inaingizwa lini, mchanganyiko unapumzishwa vipi kabla ya kupita kwenye mashine: hayo ukiyatazama kwenye mfuko uliokamilika huyaoni. Kipimo changu ni hiki: mnunuzi mwenye maabara nzuri anaweza kuugundua ufundi huo kwa kuichunguza bidhaa? Kama anaweza, omba hataza, kwa sababu atakuiga vyovyote vile. Kama hawezi, nyamaza. Uganda ina Sheria ya Kulinda Siri za Biashara ya mwaka 2009, lakini sheria hiyo humlinda aliyejilinda kwanza: mfanyakazi awe amesaini ahadi ya kutunza siri, fomula isibandikwe ukutani, na mtu mmoja asijue hatua zote. Njia za kutengenezea zina udhaifu mwingine pia. Hata ukiwa na hataza juu yake, utajuaje kwamba mshindani aliyejifungia ndani ya geti anaitumia? Mkataba wa miliki bunifu wa Shirika la Biashara Duniani unaruhusu mahakama, katika mazingira fulani, kumtaka mshtakiwa athibitishe kwamba hatumii njia yako, lakini kampuni changa haina fedha za kufika mahakamani kungoja fadhila hiyo.

Kisha liko jina. Katika biashara ya mpakani mteja hununua jina na rangi ya pakiti. Huyu wa Aru hajui na hataki kujua mfuko umetengenezwaje. Anajua ule wenye alama fulani haupasuki. Kwa maoni yangu kampuni ya Vurra inayouza Kongo ingetangulia kuandikisha alama yake ya biashara huko, kwa sheria ileile ya 1982, kabla ya kuifikiria hataza ya huko. Alama haitaki upya wa kisayansi, haimlazimishi mtu kufichua siri, na inaweza kuhuishwa vizazi na vizazi. Anayebandika jina lako kwenye mfuko hafifu ni rahisi kumthibitisha kuliko anayeiga joto lako.

Kuhusu shea, naamini njia iko tofauti kabisa. Shea ya huku, ile wanayoiita nilotica, ina asidi ya oleiki nyingi kuliko ya Afrika Magharibi, ndiyo maana mafuta yake ni laini zaidi. Ulaini huo haukubuniwa na kampuni yoyote. Ni wa mti, wa udongo, na wa wanawake wanaookota na kukamua. Uganda ina Sheria ya Viashiria vya Kijiografia ya mwaka 2013, ambayo chini yake jina la mahali linaweza kuwa mali ya wazalishaji wote wa mahali hapo kwa pamoja. Asali ya West Nile nayo inastahili hilo. Kampuni ya kemia ikichukua hataza ya njia mpya ya kusafisha mafuta ya shea bila kutumia kiyeyushi cha heksani, na wazalishaji wakamiliki jina, kila mmoja anabaki na kilicho chake. Mambo haya mawili yakichanganywa, vita inaanza kijijini.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo vijana wanapoangamia bila kujua. Siku unapowasilisha ombi la kwanza, hata kama ni kwa URSB, mamlaka ya Uganda ya usajili wa kampuni na hataza, pale Arua walipo na ofisi, umepata tarehe. Tarehe hiyo inalindwa na Mkataba wa Paris wa miliki ya viwanda kwa miezi 12. Ndani ya miezi hiyo unaweza kupeleka ombi ARIPO au PCT na likahesabiwa kana kwamba lilifika siku ileile ya kwanza. Ukipitia PCT, unaongezewa muda hadi mwezi wa 30 kabla ya kulipa ada za kila nchi. Kwa mfanyabiashara mdogo hiyo ni zawadi: miezi 30 ya kutafuta mnunuzi, kufanya majaribio zaidi, na kujua kama kitu kinauzika, kabla gharama kubwa hazijaanza. Ada ya kimataifa ya PCT ni faranga za Uswisi 1,330 kwa ombi la kawaida, lakini mwombaji ambaye ni raia na mkazi wa nchi kama Uganda, hata akiwa kampuni, hupunguziwa asilimia 90. Inabaki 133. Ada ya utafutaji iko pembeni, na mwandishi wa ombi lazima alipwe. Ikifika zamu ya Ulaya au Marekani, hesabu inaruka kwenye maelfu ya dola. Ndiyo maana nasema: ombi moja zuri, si manne mabovu.

Na ombi zuri haliwezi kuokoa kilichokwisha kuonyeshwa. Baadhi ya sheria humpa mvumbuzi muda mfupi wa msamaha akiufichua uvumbuzi wake mwenyewe. Ulaya, isipokuwa katika mambo machache sana, haimpi. Video ya dakika moja kwenye simu, bango kwenye maonyesho ya kilimo, hotuba mbele ya majaji wa shindano la ubunifu, tasnifu iliyowekwa maktaba: chochote kati ya hivyo kinaweza kuiua hataza kabla haijazaliwa. Nimeona vijana werevu wakieleza fomula yao yote jukwaani kwa ajili ya hundi ya mfano na picha na mgeni rasmi. Wanaopanga mashindano hayo, mashirika ya misaada yakiwemo, wanabeba lawama kubwa zaidi, kwa sababu wao wana wanasheria.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: nani ni mwenye uvumbuzi? Kama ulibuniwa kwa vifaa vya chuo, chuo kina sauti. Kama mfadhili alilipia maabara, soma mkataba wake. Waanzilishi watatu wakiwa marafiki leo, waandike leo kwamba haki ni za kampuni. Wakigombana bila karatasi hiyo, mwekezaji hataweza kununua chochote kutoka kwa yeyote kati yao.

Ninachokitaka kutoka kwa wenye mamlaka kinatekelezeka ndani ya bajeti zilizopo. Ofisi ya URSB ya Arua imejulikana kwa kuandikisha kampuni na majina ya biashara. Iwekewe, hata kwa siku mbili kila mwezi, mtaalamu wa kuandika madai ya kemia, anayekaa mezani na kijana, anapitia daftari lake na kumwambia wazi kama jambo hili ni la hataza, au la modeli ya matumizi yenye miaka 10 na masharti mepesi, au la siri. Chuo Kikuu cha Muni kiweke utafutaji wa hati za hataza katika mwaka wa tatu wa masomo ya sayansi, kwa alama, kama kinavyoweka maabara. Na kila shindano la ubunifu linalofanyika Arua, Koboko au Kampala liwe na swali moja kwenye fomu yake ya kujiandikisha, kabla ya swali la jina la mradi: ombi lako limewasilishwa tarehe ngapi? Asiye na tarehe aruhusiwe kueleza tatizo analolitatua na soko lake, na azuiwe na waandaaji wenyewe kueleza anavyolitatua.